Barua kwa Bwana wa Manane

Lipo kosa ambalo watu wa rika langu tunalitenda kila siku, zamani kwa ulimi na sasa kwa vidole, nalo ni kuona nusu ya jambo na kulisimulia zima. Sitawanyoshea wengine kidole. Nililitenda mimi, nikiwa na umri wa miaka kumi na moja, kwa kalamu ya wino wa buluu na karatasi mbili za daftari la shule, na nusura liue watu wawili.

Ningeendelea kulinyamazia lau si simu ya binti wa kaka yangu. Juma lililopita nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi ya mchuzi, naye akaingia jikoni mbio, kichwa wazi, simu mkononi.

"Shangazi, ushasikia? Yule mzee wa mashetani ameaga!"

"Mashetani hawana mzee. Nani amekufa?"

"Bwana wa Manane, yule wa redio ya zamani. Watu wanatumiana tu vipande vyake. Sikiza hii, ni ya hapa hapa Amu. Wallahi nywele zasimama!"

Akaisimamisha simu juu ya kifuniko cha bati la unga. Kulikuwa na mkwaruzo wa mawimbi, kisha kimya kifupi, kisha sauti. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezikwa siku tatu kabla, nayo ilikuwa ikisoma barua yangu. Niliendelea kukuna bila kujijua, hadi nazi ikaisha na meno ya mbuzi yakafika kwenye kifuu, na chenga nyeusi zikaanza kuingia katika nyeupe.

"Shangazi, waogopa?"

"Zima."

"Bado kipande kitamu, pale anaposema kuhusu..."

"Nakijua anachokisema. Zima, mwanangu."

Vijana wa leo hawawezi kujua mtu yule alikuwa nini kwetu. Kila Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa, taarabu ilipokwisha saa sita, alikuja hewani bila muziki wala salamu ndefu. Hakupata kutaja jina lake. Hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda chako, akisoma barua za wasikilizaji waliokutana na yasiyoonekana, na aliponyamaza ulisikia karatasi ikigeuzwa na maji yakimiminwa katika bilauri. Kimya chake kilitisha kuliko maneno yake. Sitamnyima haki yake: aliwaliwaza wagonjwa wasiopata usingizi, na walinzi wa hoteli za Ras Kitau, ng'ambo kule Manda, walikesha naye. Bibi yangu alimlaani kila Alhamisi na kumsikiliza kila Alhamisi. Redio ilikuwa yake, na betri zake akizianika darini mchana kutwa ili zipate nguvu ya kufika manane.

Darasani kwetu alikuwako msichana wa Faza aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake Amu, jina lake Swafiya. Siku moja barua ya watu wa kwao ilisomwa, na Jumatatu akaingia shuleni kama binti wa sultani.

"Majini wa Faza wamesomwa redioni," akatangaza. "Wenu wa Amu vipi, wamelala au wamehamia Mombasa?"

"Majini wa Amu wana adabu," nikamjibu. "Hawapendi kutangazwa."

"Hawapo! Kama wapo tuonyeshe mmoja."

Wasichana wote wakacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa rafiki yangu. Sikuwa nimepata kuona jini maishani mwangu. Tangu siku hiyo nikaanza kumtafuta, na anayetafuta kwa hamu namna ile hakosi cha kukiita jini.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya ghorofa mbili, na juu ya ujia iliungwa na nyumba ya jirani kwa wikio, kile chumba chembamba kinachovuka juu ya vichwa vya wapita njia ili wanawake waende kwa jirani bila kushuka barabarani. Mlango wa wikio ulikuwa na komeo upande wetu, lakini sikuwa nimeliona limefungwa hata siku moja. Ukiishiwa na chumvi, ulipita hapo. Ukipika cha ziada, bakuli lilipita hapo. Kumfungia jirani wikio lilikuwa tusi ambalo watu wangelisimulia miaka.

Ng'ambo ya wikio aliishi Bi Zena. Alikuwa mzaliwa wa Kiwayu, ameolewa kwetu na fundi wa kuchonga milango, na fundi huyo alikuwa amefariki kwa homa miezi michache kabla. Bi Zena alikuwa katika eda. Hakutoka nje, alivaa nguo nyeupe tupu, hakujitia wanja, hakupaka hina, hakujifukiza udi. Na hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, katika pua. Asiyekulia Amu hataelewa nikisema kwamba nyumba ile ilinitisha kwa kukosa harufu. Kwetu kila chumba kilikuwa na yake: udi katika nguo, asumini juu ya mito ya kulalia, samli jikoni, hata kuta zilinukia. Nilipovuka wikio kumpelekea Bi Zena bakuli, harufu zote zilikatika ghafla, kana kwamba nimezama ndani ya maji. Nilidhani ndivyo kifo kinavyonuka, yaani hakinuki.

Usiku mmoja wa Alhamisi, baada ya redio kuzimwa, nilinyata hadi kwenye wikio nikatia jicho katika ufa wa mlango wa pili. Bi Zena alikuwa akitembea chumbani, kutoka ukuta huu hadi ule, mkono mmoja kiunoni. Kibatari kilikuwa sakafuni, kwa hiyo kivuli chake kilipanda juu ya ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, na kila kidaka kikawa kama jicho jeusi linalomfuata. Midomo yake ilikuwa ikisema. Kisha akasimama, akainamisha kichwa, akalipanua kidogo shuka lake jeupe, na kwa sauti ya chini kabisa akamwambia mtu aliyekuwa ndani ya nguo zake:

"Tulia. Tulia basi. Siku zako bado."

Akangoja. Akacheka kidogo, kama aliyejibiwa.

Kila mama anayesoma hapa ameshajua nilichokiona. Mimi sikujua. Kwetu mimba haikutajwa mbele ya watoto, na mbele ya wakubwa ilitajwa kwa ncha ya ulimi tu, kwa kuogopa jicho la hasidi. Nguo pana za eda zilificha yaliyobaki. Kwa hiyo niliandika kwamba yupo mjane Amu mwenye kiumbe ndani ya nguo zake, kwamba husema nacho usiku nacho humjibu. Huko kujibu nilikutia mimi, ili barua inoge. Nikataja wikio. Nikataja kisima kilichofukiwa kando ya mlango wake. Jina langu nililificha; nikaandika chini, Msikilizaji wa Amu, nikabandika stempu niliyoibandua kwa mate kwenye bahasha ya Baba, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, nikaitumbukiza posta nikielekea chuo cha Kurani. Kwa kweli stempu ile ilikuwa imeshagongwa muhuri. Sijui hadi leo ilifikaje.

Zilipita Alhamisi nne. Ya tano, Bibi na Mama walikuwa wameketi kando ya redio wakisuka ukili, nami nimejilaza mkekani nikijifanya nimelala. Akaanza kusoma. Sikuyatambua maneno yangu mara moja, kwa maana kinywani mwake yalikuwa yamekua. Alisoma hadi mwisho. Nilijua kwamba mwisho umefika, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuandika. Lakini nikasikia karatasi ikigeuzwa, na maji yakimiminwa, na kimya kirefu, kisha akasema:

"Na kama mjane huyu ana mimba, enyi wenzangu wa manane, jiulizeni aliye tumboni ni wa nani."

Bibi na Mama wakatazamana. Nikaziona nyuso zao kupitia kope zangu, nikafahamu kwamba mtu yule amejua jambo ambalo sikumwambia, na kwamba jambo hilo ni la kweli. Ninaomba msomaji apime hili, kwa kuwa ndilo lililonishangaza maisha yangu yote: tangu dakika ile nilimwogopa Bi Zena kwa moyo wangu wote. Nilisahau kwamba habari ilitoka kwangu. Ilikuwa imekwenda mbali, ikakaa na wakubwa, ikarudi na zaidi ya nilivyoituma.

Bibi akainuka. Akavuka chumba, akalisukuma komeo la wikio. Lilikuwa limekaa wazi miaka mingi mno, likalia kama mnyama.

"Mama, yule ni jirani," Mama akasema, kwa adabu ya mkwe.

"Ni jirani. Na redio imesema. Ulitaka wewe isemeje zaidi?"

Mtaa mzima ulikuwa umesikia, na ambao hawakusikia walisimuliwa kabla ya sala ya Ijumaa. Hakuna aliyemtukana Bi Zena. Watu wetu ni wastaarabu, hawatukani, hupungua. Mabakuli yaliacha kupita. Shemeji yake, aliyekuwa akimpelekea mchele na samaki kwa hamali, akaanza kusema barazani kwamba mimba ya nyumba ile haimhusu nduguye, na hamali hakuonekana tena. Mkunga wa mtaa akashikwa na maumivu ya goti, goti ambalo lilipona kila alipoitwa nyumba nyingine. Watoto wakawa wanarusha vijiwe kwenye mlango wake na kukimbia, hata akawa anatia pingo kwa ndani mchana na usiku. Mimi sikurusha. Niliwahesabia, moja, mbili, tatu, ndipo wakarusha.

Mtu mmoja tu alibaki akiingia. Alikuwa mkosha, mwanamke anayeosha maiti wa kike, mrefu, mkavu, mwenye hatua za kimya. Watoto wote wa Amu tulimkimbia. Tulisema mikono yake ni baridi na kwamba akikugusa bega amekupima urefu. Wakubwa hawakumkimbia, lakini walipompa kikombe cha maji walikisuuza mara mbili baadaye. Hakuna aliyemwita kwa jina. "Kamwiteni mkosha," ndivyo walivyosema, na walisema hivyo siku ya msiba tu. Kila siku baada ya adhuhuri alikuwa akipita ujiani na ndoo ya maji kichwani na kikapu mkononi, akagonga kwa Bi Zena, mlango ukafunguliwa kidogo na kufungwa. Mtaa ulipomwona anaingia humo ukajiambia kwamba sasa mambo yamekaa sawa: wafu wamepata mtu wao.

Na sasa nifike kwenye siku yenyewe. Wazee wetu walituonya kuhusu magharibi na kuhusu jua la utosini, kwamba ndizo saa ambazo wasioonekana hutembea, na ya mchana iliniogofya zaidi. Saa nane za Amu hazina mtu. Kuta hung'aa, ujia huwa na kivuli chembamba kama uzi, hata punda husimama wamelala. Siku hiyo wanawake wa mtaa wote walikuwa harusini mtaa wa Langoni, na Mama miongoni mwao. Nyumbani tulibaki Bibi na mimi. Bibi alikuwa amejinyoosha kitandani na tasbihi yake. Mimi nilikuwa sakafuni, nimelaza shavu kwenye chokaa ili nipate ubaridi.

Kwanza kukaja sauti ambayo haikuwa ya mtu wala ya mnyama, ndefu, ya chini, kutoka ng'ambo. Ikakoma. Kisha kitu kikaburutwa. Kisha, kwenye mlango wa wikio uliokomewa, pigo moja zito. Na jingine. Na la tatu.

Bibi akakaa kitako. "Usiitike," akanong'ona. "Usende karibu. Fumba mato yako, usome."

Nikafumba macho, nikasoma, nikakosea sura niliyoijua tangu nina miaka mitano. Pigo likaja tena, mara tatu. Niliona kichwani, waziwazi kuliko ninavyoiona karatasi hii, shuka jeupe likifunuka na kiumbe changu kikitoka ndani yake na kugonga. Nasema changu kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka. Kiumbe hakikuwako. Nilikuwa nimekitunga kwa ajili ya Swafiya wa Faza. Basi nani anagonga? Nililijua jibu, na nikaziba masikio. Nimeishi na mengi, lakini hilo ndilo zito kuliko yote: katika mji mzima nilikuwa mtu pekee mwenye hakika kwamba aliye nyuma ya mlango ule ni binadamu, na nikaziba masikio.

Chini, mlango wa barabarani ukabishwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Bibi hakuitika. Mlango wetu haukuwa na pingo mchana, na hatua za kimya zikapanda ngazi. Mkosha akasimama mbele yetu, ndoo bado kichwani, kivuli chake kimefika miguuni pangu.

"Bi Zena hafungui," akasema. "Nimegonga hata mkono waniuma. Ndani nasikia kilio. Nifungulieni wikio."

"Sifungui," Bibi akasema.

"Bi mkubwa, mtoto aja. Kabla ya siku zake aja, na mamake hajafika kutoka Kiwayu."

"Mtoto wa nani?" Bibi akauliza. "Wasikiya redioni yaliyosemwa. Mimi nina mjukuu humu ndani."

Mkosha akaitua ndoo taratibu bila kumwaga tone. "Mimi nimeosha watu wa mji huu tangu ujana wangu. Usiku, mchana, walozama, walofukuliwa vifusini. Hapana hata mmoja alonishika mkono. Walo hai ndio wanikimbiao. Huyo wa redioni amekuwa akiishi wapi hata amwone Bi Zena chumbani mwake?"

"Yuna barua. Mtu wa hapa hapa Amu alimwandikia."

"Mtu gani?"

Pigo likaja kwenye mlango, mara moja tu sasa, na la pili halikufuata. Tulikaa tukilingoja wote watatu. Kwangu mimi lile pigo ambalo halikuja lilitisha kuliko yote yaliyokuja.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyegeuka.

"Ni mimi niloandika barua. Sikuona jini. Nilimwona yuwasema na tumbo lake, basi. Hakujibiwa. Kujibiwa nimetia mimi."

Bibi akanitazama kama anayemtazama mtoto wa watu. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Badala yake akashuka kitandani, akaenda hadi mlangoni, akashika komeo kwa mikono miwili, lakini chuma kilikuwa kimeshika kutu. Mkosha akaweka mikono yake juu ya ile ya Bibi. Wakavuta pamoja.

Bi Zena alikuwa amelala kizingitini, ubavu, mkono ukiwa bado umenyanyuliwa na ngumi imekunjwa. Macho yake yalikuwa wazi. Aliniona mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa chini kama yeye, na midomo yake ikasema neno ambalo sauti haikulibeba.

"Ndoo, wewe," mkosha akaniambia. "Kaa hapa. Kishike kitwa chake, usikiwate."

Nikakishika kichwa, sikukiacha. Kilikuwa kizito na cha moto, na nywele zimelowa. Ndipo harufu ilipokuja, harufu ya jasho na damu na ya mtu, ikijaza chumba kile kisichokuwa na harufu, na mimi nikaivuta kana kwamba ni udi. Mkosha akapiga magoti upande wa pili. Mikono yake ilinigusa begani alipokuwa akinisogeza. Haikuwa baridi.

"Wajua kuzalisha?" Bibi akamwuliza kutoka mlangoni.

"Sijui. Najua kuosha. Mwili ni mwili. Nambie la kufanya."

Bibi alikuwa amezaa saba. Alianza kusema kutoka pale mlangoni, mguu mmoja wikioni na mwingine kwetu. Baada ya kitambo alikuwa ndani, amekunja mikono ya kanzu, akimwamrisha mkosha, na mkosha akimtii. Alasiri iliadhiniwa. Katikati ya adhana mtoto akalia, wa kike, mdogo kiasi cha kutisha, na vumbi la chokaa lililoanguka mlangoni wakati wa kugonga lilikuwa limemwagika juu ya nywele za mamake kama unga.

Siku ya pili yake Bibi alinishika mkono, tukazunguka nyumba kwa nyumba. Katika kila nyumba alinisimamisha katikati ya wanawake na kusema, "Sema." Nikasema. Nadhani nilisema mara ishirini. Mahali pengine walilia, mahali pengine walinipa kashata kwa huruma. Lakini zaidi ya nusu walitikisa vichwa. "Mtoto huyu katishwa," mkunga mwenye goti akasema. "Redio kubwa kama ile haiwezi kusema uongo, na kitoto hiki kikasema kweli." Nikamwandikia Bwana wa Manane barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, kwa jina langu kamili, na stempu halali aliyoinunua Bibi. Alhamisi zikapita, hakuisoma. Hatimaye kikaja kikadi kilichoandikwa kwa mkono mzuri: alinishukuru, akasema barua yangu ya kwanza ilipendwa mno na wasikilizaji, na hii ya pili haina mshtuko, nikiwa na nyingine kama ile ya mwanzo, nisisite.

Sikusita kukichana. Ila sasa ninafahamu kwamba kile kikadi ndicho urithi aliotuachia, na umegawanywa sawasawa miongoni mwa wote wenye simu mfukoni. Mtoto yule alikua. Ni mwanamke wa heshima, ameolewa Faza, anafundisha watoto wa shule ya msingi. Lakini akija Amu hupitia ujia wa nyuma, kwa maana hadi leo wapo wanaoshusha sauti akipita, na vijana wanaowaongoza wageni husimama mbele ya kisima kilichofukiwa na kuwasimulia maneno yangu, pamoja na kimya cha Bwana wa Manane. Nimewahi kumsimamisha mmoja wao na kumweleza kweli. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama na mimi nimepata kumwona huyo jini.

Siku ya saba baada ya kuzaliwa kuliandaliwa chano, sinia dogo la halwa, na kahawa. Waliokuja walikuwa wachache: Mama, Bibi, majirani wawili, na mama yake Bi Zena, aliyefika kutoka Kiwayu usiku uliotangulia. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa wikio, uliokuwa wazi sasa, nikiwa nimepewa kazi ya kushika chetezo, kwa kuwa eda ilikuwa imekwisha mtoto alipozaliwa na nyumba ilikuwa ikifukizwa kwa mara ya kwanza. Mkosha alikuja mwisho, akaketi karibu na ngazi, mahali alipozoea kuketi katika nyumba za watu.

"Mtoto aitwe nani?" Bibi akauliza.

"Aitwe kwa jina la huyo," Bi Zena akasema, akimwonyesha.

Jirani mmoja akakohoa. "Mwanangu," akasema kwa upole, "mtoto mchanga umpe jina la mkosha? Hukusikia watu wasema nini tayari?"

"Nimesikia. Nilikuwa nimelala nyuma ya mlango huu nikisikia." Hakupaza sauti. "Wote mlikuwa na majina mazuri siku ile."

Bibi akainamisha uso. Bi Zena akamgeukia mwanamke aliyekaa karibu na ngazi, na nikaona soni ikimpanda usoni, kwa maana miezi yote ile alikuwa ameletewa maji na mkate na mkono ule, naye hakuwa amepata kuuliza.

"Nisamehe, dada yangu. Jina lako ni nani?"

Mkosha akakiweka kikombe chake chini. Alitutazama mmoja mmoja, kama anayehakikisha kwamba swali ni lake.

"Rukia," akasema. "Rukia binti Athmani."